Mdogo wangu aliandika bei ya mahindi

Mwanzoni mwa 2017 mahindi yalipanda bei Arusha kuliko nilivyowahi kuona tangu nianze kuuza nafaka soko la Kilombero. Vuli ya 2016 ilikuwa mbovu na magari yaliyozoea kutushushia magunia alfajiri yakawa yanakuja kwa kuchelewa, mengine nusu tupu. Mteja wa debe akawa anapima kilo tano. Wa kilo tano akawa anapima mbili na kuomba nimwongezee konzi moja kwa ajili ya watoto. Wafugaji wa Monduli na Longido walikuwa wanauza ng'ombe waliokonda kwa bei ya kutupa ili wapate pesa ya unga. Wakati huohuo serikali ilikuwa inasema hakuna njaa, na Rais Magufuli alikwishawaambia wananchi hadharani wasingoje chakula cha bure, wafanye kazi.

Mdogo wangu alikuwa dereva wa bodaboda. Jioni alikuwa anapita sokoni kunisaidia kupanga magunia, kwa hiyo bei alizijua kama ninavyozijua mimi. Usiku mmoja akaandika Facebook: debe ni kiasi gani wiki hii, lilikuwa kiasi gani mwaka jana mwezi kama huu, na kwamba kule Monduli, kwa ndugu wa rafiki yake, alikuta nyumba zinazopika mara moja kwa siku. Akamalizia kwa kusema anayekana njaa aje sokoni na mshahara wa kibarua aone atatoka na nini. Hapakuwa na tusi. Silisemi hili kana kwamba angetukana angestahili jela. Nalisema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Watu wakasambaza, mtu akapiga skrinishoti na kuitupa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa wetu, na kutoka hapo ikafika kwa wakubwa.

Wenzake wa kijiweni ndio walionipigia simu, Ijumaa mchana. Watu wawili waliovaa kiraia walimkodi kama abiria wa kawaida, wakamwelekeza njia, na walipofika mahali pasipo na watu wakamwonyesha pingu. Nilifunika magunia turubai, nikamwachia jirani mizani, nikapanda kifodi, daladala ndogo za mji wetu, na kuanza kuzunguka vituo vya polisi. Wa kwanza wakasema hayupo. Wa pili wakasema hayupo. Kituo cha tatu nikajibiwa hivyohivyo, lakini nilipokuwa natoka askari mmoja, mama wa makamo, akanifuata hadi nje ya geti. "Dada," akaniambia, "kalete chakula na kitu cha kujifunika. Ila usiseme nimekuambia."

Yule mama sijamwona tena, na sijaacha kumwombea. Alichonifundisha ndicho ninachowaambia wengine hadi leo. Ukiambiwa hayupo, usirudi nyumbani. Rudi na mtu wa pili ambaye atashuhudia mnachojibiwa, andikeni saa, andikeni namba ya kifuani ya askari aliyewajibu, halafu leteni chakula. Chakula kikishapokelewa wamekiri kwamba wanaye. Kabla ya hapo mnaongea na ukuta, na mtu ambaye jina lake halimo kwenye kitabu cha kituo anaweza kupelekwa popote.

Ijumaa nayo ina sababu. Sheria yetu inataka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, lakini Jumamosi na Jumapili mahakama hazikai, na wakili alituambia baadaye kwamba vijana wa namna hii hukamatwa sana mwisho wa juma. Mdogo wangu alipanda kizimbani Jumanne. Kati ya Ijumaa na Jumanne alihojiwa usiku bila wakili, chumbani na watu wanne, na simu yake ilikuwa mezani. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inampa mkuu wa kituo cha polisi mamlaka ya kuamuru kifaa kipekuliwe na kichukuliwe bila kwanza kuomba kibali kwa hakimu. Walitaka neno la siri, akawapa. Sijawahi kumlaumu kwa hilo na simruhusu mtu amlaumu mbele yangu. Ila ndani ya simu ile kulikuwa na makundi, na ndani ya makundi kulikuwa na watu, na baada ya muda wenzake wa kijiweni nao wakaanza kuitwa mmojammoja kuulizwa nani ni msimamizi, nani aliandika nini.

Alisomewa shitaka chini ya kifungu cha 16 cha sheria hiyo: kuchapisha taarifa za uongo. Kifungu hicho kinamhusu anayesambaza taarifa akijua ni ya uongo au ya kupotosha, kwa nia ya kukashifu, kutishia, kutukana au kupotosha umma. Adhabu imewekewa sakafu: faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote pamoja. Mwenye pikipiki ya mkataba, anayempelekea tajiri hesabu kila jioni kabla hajanunua hata chai, milioni tano ataipata wapi? Kwa mtu kama huyo, kilichoandikwa kama chaguo kati ya faini na jela ni jela tu.

Na tulijua kwamba si vitisho vya karatasi. Juni 2016, hapahapa Arusha, kijana mmoja alitiwa hatiani kwa maneno aliyoandika Facebook kumhusu Rais Magufuli, akaambiwa alipe milioni saba au aende jela miaka mitatu. Mjini hapakuwa na mtu asiyezisikia habari zile. Mama yetu, aliyekuwa Kibosho kwenye kihamba chake, shamba la ukoo, alizisikia redioni mwaka ule akasema maskini mtoto wa watu. Safari hii alikuwa mtoto wake.

Kosa la kifungu cha 16 lina dhamana, na kwa hilo tulikuwa na nafuu kubwa. Leo mzazi akinijia, jambo la kwanza ninalomuuliza ni shitaka lenyewe linasemaje, kwa sababu hapo ndipo njia zinapoachana. Mwandishi wa habari Erick Kabendera alipokamatwa Julai 2019, mashtaka yaliyofikishwa mahakamani yalihusu kukwepa kodi na kutakatisha fedha, na utakatishaji hauna dhamana. Alikaa ndani hadi Februari 2020. Kiongozi wa upinzani Tundu Lissu alisomewa Aprili 2025 shitaka la uhaini pamoja na mashtaka ya kuchapisha taarifa za uongo mtandaoni. Haya ya pili peke yake yangempa dhamana. Uhaini hauna. Hata kwenye makosa yenye dhamana mtu anaweza kushikiliwa kwa mabishano: aliyekuwa mbunge wetu wa Arusha Mjini, Godbless Lema, alikamatwa Novemba 2016 kwa maneno ya kwenye mikutano ya hadhara, na wakati mdogo wangu yuko mahabusu yeye naye alikuwa bado gerezani, dhamana yake ikipigwa danadana hadi Machi 2017.

Masharti ya dhamana yetu yalikuwa wadhamini wawili, mmoja mtumishi wa umma na mwingine mwenye mali isiyohamishika yenye hati. Hapo ndipo nilipowajua watu.

Kihamba cha mama kina migomba na kahawa iliyopandwa na babu, kina makaburi ya wazee wetu, lakini hati hakina. Mipaka yake ni masale, mimea tunayopanda mpakani, na ukoo mzima unaijua. Mahakama haiwezi kuandika masale kwenye fomu. Ndugu yetu mmoja ana nyumba Njiro yenye hati, mtu ambaye harusi yake tulichanga mpaka tukakopa. Alitupokea vizuri, akatunywesha soda, akasema angetamani sana kusaidia lakini ana zabuni ofisi ya serikali na jina lake likionekana kwenye kesi ya namna hiyo watoto wake watakula nini. Sikuwa na jibu. Alikuwa anasema kweli. Mtumishi wa umma wa kwanza tuliyemwendea alikubali asubuhi na jioni simu yake ikawa haipatikani. Wa pili alisema bosi wake amemshauri asijihusishe. Mtendaji, ambaye barua yake inahitajika kumtambulisha kila mdhamini, alituambia muhuri hanao, turudi kesho, na kesho akatuambia turudi kesho.

Aliyetuokoa ni mwalimu wa shule ya msingi, jirani yetu Sombetini, mama mjane. Hakuwa ndugu wala hakuwa mtu wa siasa. Alikuja mwenyewe jioni akiwa na kitambulisho chake cha kazi na barua ya mwajiri mkononi. Nilimuuliza kama haogopi. "Naogopa sana," akasema. "Lakini nimemfundisha mimi kusoma na kuandika, sasa nikimbie alipoandika?" Mwenye hati tulimpata kanisani, mzee fundi seremala, na yeye aliuliza swali moja tu, kama kijana atahudhuria kila tarehe. Nilimwambia atahudhuria. Akasaini.

Mpaka masharti yalipokamilika mdogo wangu alikuwa ameshapanda karandinga mara kadhaa, na kila alipoletwa mahakamani alikuwa amekonda zaidi. Mahabusu wa gerezani hulala kwa ubavu, wakigeuka wanageuka pamoja. Alipata upele mwili mzima. Alilala pale na watu waliokuwa wakingoja kesi za mauaji kwa miaka, na anasema hao ndio walimpa nafasi ya kulala karibu na dirisha walipojua kilichomleta. Hakuna aliyekuwa amemtia hatiani. Nataka msomaji alishike hili, kwa kuwa tumezoea kuhesabu waliofungwa kwa hukumu tu. Wengi hawafiki kwenye hukumu. Wanawekwa ndani, wanatolewa kwa dhamana, wanazungushwa na tarehe mpaka wachoke, na kwa aliyetaka wanyamaze kazi imeshakamilika.

Baada ya dhamana zilianza tarehe za kutajwa. Unafika saa mbili asubuhi, unakaa kwenye benchi, saa tano au sita wakili wa serikali anasimama na kusema upelelezi haujakamilika, anaomba tarehe nyingine. Dakika tano zimekwisha. Nilijiuliza upelelezi gani. Andiko lipo, aliyeliandika hajakana, bei zilizoandikwa zipo sokoni kwa kila mwenye miguu. Tarehe hizo zilitumaliza polepole. Tajiri wa pikipiki hakungoja, aliichukua wiki ileile ya kwanza na kumpa dereva mwingine, kwa hiyo mdogo wangu alikuwa hana kipato na ana nauli ya kutafuta. Mimi nilifunga biashara kila tarehe, na wateja wangu wa jumla, wenye mashine za kusaga na migahawa, wakahamia kwa wengine. Mmoja aliniambia wazi kwamba hana shida na mimi, ila hataki namba yake ionekane kwenye simu yangu.

Wakili wetu alitoka kwenye shirika la haki za binadamu na hakututoza shilingi. Nawashauri watu wasione aibu kuomba msaada wa namna hiyo mapema. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu Tanzania wamewasimamia wengi. Siku ya kwanza tulipokaa naye aliniuliza, "Dada, hizo bei unaweza kuzithibitisha?" Nikacheka kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ile. Mimi ni mfanyabiashara. Nina daftari la tangu nianze biashara: tarehe, gunia nimenunua kiasi gani na kwa nani, debe nimeuza kiasi gani, ushuru wa mazao nimelipa kiasi gani, na risiti zimebanwa kwa pini ukurasa kwa ukurasa. Akasema hilo daftari ndilo shahidi wetu mkuu, kwa sababu upande wa mashtaka unapaswa kuonyesha kwamba taarifa ni ya uongo na kwamba aliyeiandika alijua ni ya uongo. Tulitoa nakala, moja akabaki nayo yeye, moja ikakaa kwa yule mwalimu, na daftari lenyewe nikalihamisha nyumbani. Wenye duka, wenye teksi, wauguzi, yeyote anayeona mambo kwa macho yake kila siku, nawaambia watunze kumbukumbu zenye tarehe. Huwezi kujua ni lini ukweli wako utadaiwa risiti.

Huyo huyo wakili, tukiwa tumekaa nje ya mahakama tukingoja faili lililopotea, ndiye aliyenieleza jambo ambalo nililiona la ajabu na bado naliona hivyo. Mji wetu ndiyo makao ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Ipo kwenye majengo ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, barabara ya Dodoma, nimepita pale kwenye kifodi maisha yangu yote nikidhani ni mambo ya wanyama tu. Desemba 2014 majaji wa mahakama ile walitoa hukumu katika kesi ya mwandishi wa Burkina Faso, Lohé Issa Konaté, aliyefungwa miezi 12 kwa makala zilizomtuhumu mwendesha mashtaka wa serikali. Wakasema kumfunga mtu jela kwa kukashifu, isipokuwa katika mazingira mazito kama uchochezi wa vurugu au chuki, kunakiuka uhuru wa kujieleza, na kwamba watu wenye madaraka lazima wavumilie kukosolewa zaidi ya raia wa kawaida. Mahakama iliyotoa hukumu hiyo iko hapahapa kwetu. Umbali kutoka pale hadi kwenye benchi tulilokaa ni nauli ya kifodi kimoja.

Machi 2019, Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, ambayo nayo iko hapa, ilisema vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 vinakiuka Mkataba wa Jumuiya, vikiwemo vya uchochezi na kashfa. Nilifurahi sana. Novemba mwaka huohuo serikali yetu ikaondoa tamko lililowaruhusu raia na mashirika ya Tanzania kwenda moja kwa moja kwenye ile Mahakama ya Afrika. Mwenyeji wa mahakama akawafungia mlango watu wa nyumbani. Hili liliniuma kuliko mengi yaliyotupata sisi wenyewe, maana letu lilikuwa la kijana mmoja na hili lilikuwa la kila kijana atakayekuja baadaye.

Kesi yetu haikusikilizwa. Asubuhi moja wakili wa serikali alisimama akasema Mkurugenzi wa Mashtaka hana nia ya kuendelea, chini ya kifungu cha 91 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Watu wa kanisani walishangilia na kumbeba juu. Wakili alitushika mkono tulie kwanza, akatueleza kwamba kuachiwa kwa namna hiyo hakumzuii mtu kushitakiwa tena kwa jambo lilelile, na kwamba wapo waliokamatwa tena kwenye ngazi za mahakama. Tulimtoa kwa mlango wa nyuma akiwa katikati yetu. Hajakamatwa tena. Simu haikurudi. Daftari langu halikufunguliwa mbele ya hakimu, kwa hiyo hakuna mahali popote palipoandikwa kwamba alichosema kilikuwa kweli. Ningependa sana liandikwe. Aliandika kweli.

Siku hizi ana duka dogo la vipuri Kwa Mrombo na familia. Hana Facebook. Kwenye kundi la ukoo hujibu kwa vidole gumba tu, hata msiba ukitokea. Mtoto aliyekuwa akituchekesha kwa kuandika, anayejua kupanga maneno kuliko wote tumboni mwa mama yetu, sasa anapiga simu na kuongea kwa mafumbo akitaka kuniambia sukari imepanda.

Julai 2024 nilipomsikia yule mchoraji kijana wa Mbeya, aliyehukumiwa miaka miwili au milioni tano kwa video ya kuchoma picha ya Rais Samia, nilituma mchango wangu pamoja na wengine wengi. Faini ikapatikana, akatoka. Mwezi uliofuata familia yake ikaripoti kwamba amechukuliwa na watu wasiojulikana. Kisha ukaja uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, maandamano, intaneti ikazimwa nchi nzima, na iliporudi vijana walikuwa wanasomewa uhaini kwa makundi, wapo waliohusishwa na walichoandika au kusambaza. Novemba 14 Rais aliwaambia wabunge kwamba waliofuata mkumbo waangaliwe, na wengi waliachiwa baada ya hapo. Nashukuru kwa kila mmoja aliyerudi kwao. Ila kifungu cha 16 kipo vilevile na sakafu yake ileile, na wa kukiondoa kifungo ndani yake ni wabunge haohao.

Mwezi uliopita alinijia mama wa Unga Limited, anauza mboga safu ya pili kutoka kwangu. Mwanawe yuko ndani kwa video ya dakika moja. Shitaka lina dhamana, nimelisoma mwenyewe. Mwalimu wetu amestaafu, kwa hiyo safari hii hawezi kuwa mtumishi wa umma, lakini amempata muuguzi mmoja aliyekuwa mwanafunzi wake na amekubali. Mwenye hati ameahidi kusaini. Barua ya mtendaji bado, nasi tunakwenda kuifuata tena Jumatatu, watu watatu, tukiwa na kalamu.